Kengele ya Asante

Bi Mkunga alikuwa hawezi tena kujiosha kichwa. Tangu alipoteleza kwenye ngazi za uani na kuangukia bega, mkono wake wa kulia ulikuwa ukipanda mpaka usawa wa sikio, kisha unagoma, hata uubembeleze vipi. Mkwe wake alijitolea kumwosha, na hakuwa mtu mbaya hata kidogo, ila alikuwa mtu wa haraka. Aliosha kichwa cha mtu kama anayesugua sufuria yenye ukoko, huku jicho moja liko jikoni. Bi Mkunga alivumilia mara kadhaa, akamshukuru kwa dhati, akamwambia asisumbuke tena. Ndipo akaanza kwenda saluni.

Saluni yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la fundi simu. Unapanda ngazi nyembamba zenye harufu ya waya ulioungua, unasukuma mlango wa kioo uliobandikwa picha za wanawake wanaocheka, halafu harufu inageuka ghafla kuwa ya shampuu, mafuta ya nywele na joto la draya. Upande wa dirishani kulikuwa na viti vya wasusi. Upande wa ndani, karibu na choo, kulikuwa na sinki la kuoshea vichwa, jeusi, lililobonyea mbele ili shingo ipate pa kulala. Hapo ndipo alipokuwa akisimama Viganja tangu asubuhi mpaka jioni.

Jina hilo alipewa na wateja, na alilistahili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mpole wa maneno, na viganja vyake vilikuwa laini ajabu kwa mtu anayeshinda majini. Siku ya kwanza tu alipomwona Bi Mkunga akikaa upande-upande kitini, hakuuliza ana nini. Alikunja taulo moja akaliweka kisogoni, akakunja la pili akaliingiza taratibu chini ya lile bega bovu, akajaribu maji kwanza kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe.

"Maji yakoje, bibi?"

"Matamu, mwanangu."

Bi Mkunga alifumba macho. Alikuwa amefanya kazi ya ukunga maisha yake yote, na vichwa vya watoto wachanga alivyoviosha havina idadi. Lakini yeye mwenyewe, tangu mumewe afariki, hakuna mkono uliowahi kutua kichwani mwake bila haraka. Pale sinkini, chini ya vile viganja, alikuwa mtoto wa mtu tena. Hilo hakumwambia yeyote. Alisema tu kwamba anakwenda saluni.

Akishaoshwa na kusukwa misuko minne mikubwa ya kizee, alilipa bei yake kwa Madamu, mwenye saluni, pale kwenye meza ya mapokezi. Kisha alirudi sinkini, akatoa mkobani mayai mawili ya kuchemsha, ya kuku wake mwenyewe, yakiwa bado na uvuguvugu ndani ya kitambaa, akamtia Viganja mkononi na kumfunga vidole.

"Ya watoto," alisema kila mara.

"Bibi na wewe!" Viganja naye alijibu kila mara. Yakaishia hapo. Hakuna aliyeangalia, hakuna aliyehesabu.

Mpaka kilipoletwa kisanduku.

Madamu alikuwa amesafiri siku chache kwenda kwenye maonyesho ya wenye saluni, akarudi na miwani mpya, maneno mapya, na kengele. Ilikuwa kengele ya shaba ya kukaa mezani, ile ya kugongwa juu kwa kiganja. Pembeni yake aliweka kisanduku cha bati kilichopakwa rangi ya waridi, chenye tundu jembamba juu na kufuli ubavuni, kimeandikwa kwa maandishi ya madoido: ASANTE. Utaratibu ulikuwa huu. Mteja akimaliza kulipa bei, anatia chochote kisandukuni. Kikisikika kimeanguka ndani, Madamu anagonga kengele, na wafanyakazi wote, hata aliyeshika kitana cha moto, wanageuka, wanapiga makofi na kupaza sauti: "Asanteee, mkarimu wetu!"

Na asiyetia kitu? Huyo anashuka ngazi kimya kimya, na macho ya watu mgongoni.

"Kila mahali pa maana siku hizi ndivyo wanavyofanya," Madamu alieleza, akipandisha miwani kichwani. "Na kupeana mkononi basi tena. Vyote humu, nitagawa mwenyewe kwa haki."

Bi Mkunga alisimama na kitambaa chake cha mayai. Alilitazama lile tundu, akayatazama mayai.

"Haya hayaingii," alisema.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa nyuma yake akifunga kilemba. Wawili hao waliishi nyumba moja tangu wote walipofiwa na waume zao. Wifi alikuja naye saluni kupakwa rangi nyeusi, maana mvi zilimjia akasema hazitambui. Mdomo wake haukuwa na breki.

"Yavunje, wifi," alisema. "Yatateleza tu yenyewe."

Wanawake walicheka. Madamu hakucheka. Bi Mkunga aliyarudisha mayai mkobani, akatembea kuelekea mlangoni, na kimya kilichomsindikiza kilikuwa kizito kuliko tusi. Aliona Viganja ameinamisha uso juu ya sinki kana kwamba ndani kuna kitu kimeanguka.

Halafu nyuma yake: tiki! Kitu kilianguka kisandukuni. Ngrrin! Kengele. "Asanteee, mkarimu wetu!" Makofi. Wifi alitoka akipunga mkono kama bibi harusi.

Ngazini Bi Mkunga alimwuliza, kwa uchungu kidogo, "Umetia ngapi?"

"Kifungo."

"Nini?"

"Kifungo cha koti la kaka yangu, mumeo, lile la bluu. Kilikuwa kwenye pochi yangu tangu mwaka juzi, nikasema leo kimepata kazi." Wifi alishika ukuta kwa kucheka. "Umesikia makofi yale? Harusini kwangu sikupigiwa vile!"

Bi Mkunga alitaka kumkaripia, akashindwa. Walicheka wote wawili mpaka bega likamuuma na fundi simu akatoa kichwa nje kuuliza kuna nini. Kuanzia siku hiyo wifi kila alipokwenda alikuwa na kifungo tayari. Bi Mkunga alimkemea, ila si sana, na alijua kwamba si sana.

Mayai alitafuta njia ya kuyafikisha. Aliyaacha chini ya lile taulo la bega, na Viganja, akikunja mataulo, aliyakuta. Mtu mzima na akili zake, anaficha mayai kama mwizi! Jambo hilo lilimkera Bi Mkunga kuliko alivyotaka kukubali.

Lakini kilichomtoa moshi puani kilikuja baadaye.

Kulikuwa na mteja mmoja aliyeitwa Mama Spea, kwa sababu duka lake la vipuri vya magari lilikuwa kubwa kuliko yote mtaani. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye bangili zinazotangulia kufika kabla yake. Yeye hakutia sarafu. Alitia noti, tena aliikunjua kwanza ionekane. Kengele ilipolia kwa ajili yake, Madamu mwenyewe alisimama. Na taratibu, bila mtu kusema kitu, Viganja akawa kama mali ya Mama Spea. Akimaliza kumwosha kichwa, amshikie simu. Akimshikia simu, akamletee viatu. Siku nyingine alitumwa mpaka chini kumwangalizia gari lisije likakwaruzwa, na wateja wengine wakabaki wamelowa vichwa.

"Mwache, anafaidi," wifi alisema. "Mwenye kutoa hutumikiwa."

"Anafaidi nini? Umemwona mtu anayefaidi akiwa na uso ule?"

Basi siku hiyo Bi Mkunga alikuwa amelala sinkini, shingo nyuma, povu limemjaa kichwani mpaka kwenye paji la uso, na Viganja akimkanda nyuma ya masikio, pale pale panapomfanya mtu asahau jina lake. Bangili zikasikika ngazini. Mlango ukafunguliwa. Tiki? Hapana, noti haina sauti, lakini kengele ililia.

Ililia kabla. Mama Spea alikuwa hata kitini hajakaa.

"Asanteee, mkarimu wetu!"

"Viganja!" Madamu aliita. "Njoo, mama ana haraka leo."

"Namsuuza bibi kwanza, Madamu. Dakika moja tu."

"Nimesema njoo. Bibi hana pa kukimbilia."

Vile viganja vilisita kichwani mwa Bi Mkunga. Alivihisi vikisita. Kisha vikaondoka.

Povu lina tabia yake. Halikai linapowekwa. Lilianza kuteremka taratibu, likapita kwenye nyusi, likaingia machoni. Bi Mkunga alitaka kuinuka, lakini mtu aliyelazwa sinkini huinuka kwa mikono, na mkono wake mmoja ulikuwa haumtii. Alipapasa taulo kwa mkono wa kushoto, hakulipata. Macho yakamwaka. Akabaki pale, mwanamke aliyewapokea watoto wa nusu ya mtaa, amelala chali, anatokwa na machozi ya shampuu, akisikiliza Mama Spea akisimulia habari za kontena lililochelewa.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alinyamaza kwa sababu ya haya, na baadaye alijilaumu kwa haya hiyo.

Viganja alirudi mbio. Alimsuuza kwa maji mengi, akamfuta macho kwa ncha ya aproni yake, ile iliyopungukiwa vifungo viwili na kufungwa kwa pini.

"Nisamehe, bibi. Nisamehe sana."

"Si wewe wa kuomba msamaha, mwanangu. Ila niambie, kwa nini hukukataa?"

Viganja alitazama kwenye meza ya mapokezi, akainama kama anatafuta chanuo. "Tangu kisanduku kije, mshahara wangu umekatwa nusu. Madamu anasema nusu nyingine mtatoa nyinyi wateja. Sasa yule ndiye anayetoa. Nikimkasirisha yule, nitalisha nini watoto?"

Bi Mkunga alikitazama kile kisanduku. Kumbe ile haikuwa asante! Asante gani hiyo, inayotoka kwanza kwenye mfuko wa mfanyakazi, kisha mteja anatishwa kwa makofi airudishe?

Hakulala vizuri, na kesho yake alimwaga chai mara mbili. Wifi alimtazama akitembea jikoni kwenda na kurudi.

"Wifi, utachimba mtaro humu ndani."

"Niache."

"Povu tu limekuingia machoni. Mbona wengine—"

"Si povu!" Bi Mkunga aliweka birika chini kwa kishindo. "Unamkumbuka yule mwenye malori, aliyekuja wodini na bahasha? Mke wake ndiyo kwanza uchungu umeanza, kitanda cha pili kuna msichana mtoto wake amekaa vibaya, anakaribia kupoteza maisha. Yule bwana ananitia bahasha mfukoni, ananiambia kaa na wa kwangu. Nilifanyaje?"

"Uliiweka bahasha juu ya kiti chake, ukamwambia aangalie asije akaikalia," wifi alisema. Hadithi hiyo aliijua kwa moyo.

"Kabla mtoto hajalia, sikuwahi kupokea hata ndizi. Kwa sababu ukipokea kabla, tayari umemnyima mwingine. Akishalia, sawa. Waliniletea sabuni, waliniletea kuku, nikapokea kwa mikono miwili. Yule msichana hakuwa na kitu, akaja kunifagilia uwanja na mtoto mgongoni, nami nikamwacha afagie, kwa sababu alikuwa anataka kushukuru na ile ndiyo asante aliyokuwa nayo. Nani alimgongea kengele?"

Wifi alichukua birika. Alimmiminia chai nyingine.

"Nitakwenda," Bi Mkunga alisema. "Nitamwambia Madamu uso kwa uso. Akinifukuza, anifukuze. Nitaoshwa na mkwe wangu kama sufuria."

Walikwenda pamoja siku yao ilipofika. Ngazini tu walisikia kwamba mambo si shwari. Draya zote zilikuwa zimezimwa. Wanawake wamekaa, mmoja na rola kichwani, mwingine nusu kasukwa nusu katimka, Mama Spea katika kiti chake na taulo shingoni. Wote walikuwa wakitazama meza ya mapokezi. Kisanduku cha waridi kilikuwa wazi. Madamu alikuwa amemwaga vilivyomo juu ya meza, na Viganja amesimama mbele yake, mikono imelowa, maji yanamdondoka kwenye vidole.

"Kengele imelia mwezi mzima, na leo ndiyo kwanza nakifungua," Madamu alikuwa akisema, sauti imepanda. "Nimeigonga mwenyewe kwa mkono huu! Noti za Mama Spea hizi hapa. Sarafu za wengine ziko wapi? Nakuta hivi!" Alichota na kuachia. Vifungo vilimwagika juu ya meza: vikubwa, vidogo, vya plastiki, vya mbao, kimoja cha dhahabu ya uongo. "Nani anabaki kufagia wenzake wakiondoka? Wewe. Unakigeuza kisanduku, unachokonoa pesa kwa kibanio, unarudishia vifungo ili nikikitikisa kilie."

"Haki ya Mungu, Madamu, sijakigusa."

"Na aproni yako vifungo vyake viko wapi?"

Watu wote waliitazama ile pini. Viganja aliifunika kwa mkono, na kitendo hicho, masikini, kilimfanya aonekane ana hatia.

"Vua aproni," Madamu alisema. "Mshahara wa mwezi huu nabaki nao, ufidie. Na ushukuru sijaita mtu."

Bi Mkunga alikuwa ameshakiona. Katikati ya lile fungu, kikubwa, cha bluu, chenye matundu manne na ukingo uliomomonyoka. Kwa miaka alikuwa akikifunga kifungo hicho kifuani mwa mumewe asubuhi za baridi. Aligeuka kumtazama wifi yake. Wifi alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

Angeweza kusema yeye. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini alimshika wifi kiwiko tu, akakibana, akasubiri.

"Ni mimi," wifi alisema. Sauti ilitoka nyembamba, si yake kabisa. Akakohoa. "Hicho cha bluu ni changu. Na hicho cha mbao. Na hicho chenye ua."

"Mama, usimtetee mwizi."

"Nimtetee nini? Ni vya koti la marehemu kaka yangu, na hicho cha ua ni cha gauni langu la zamani. Nilitia kifungo, ukanigongea kengele, mkanipigia makofi. Nikaona kumbe hapa kifungo kinatosha." Alijaribu kucheka, machozi yakamtoka badala yake. "Sikujua kwamba kitamwangukia huyu. Mwanangu, nisamehe. Mimi ni mtu mzima hovyo."

Madamu alivitenga vile vitatu kwa kidole. "Haya, wewe vitatu. Na hivi vingine vyote?"

Hapo ndipo yule wa rola kichwani alipojikuna shingo.

"Hicho cha kijani... nadhani ni changu."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nimebakiwa na nauli tu! Ningetoka kimya kimya watu wakanitazama hivi?" Alikodoa macho kuonyesha alivyoogopa kutazamwa, na mtu mmoja akacheka kwa pua.

"Hicho cheusi cha shati," alisema yule aliyesukwa nusu. "Cha mume wangu. Ananiuliza mpaka leo."

"Cha dhahabu changu mimi," alisema mwingine chini ya draya iliyozimwa. "Na hicho si kifungo, ni washa, ile ya kukazia nati. Washa nayo ni yangu."

"Washa?" Mama Spea aliinuka nusu kitini. "Hiyo si umeinunua dukani kwangu!"

Saluni nzima ililipuka kwa kicheko, hata wasusi waliokuwa wamebana midomo. Vifungo vilipata wenyewe kimoja baada ya kingine, mpaka mezani zikabaki noti za Mama Spea peke yake na sarafu chache. Viganja peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama vile vile, mkono juu ya pini.

Ni uso ule uliompandisha Bi Mkunga hasira upya. Alisogea mpaka mezani. Hakupaza sauti. Sauti aliyoitumia ni ile ya wodini, ambayo hata madaktari walikuwa wakiisikiliza.

"Mmecheka, nami nimecheka. Sasa tunyamaze. Huyu alikuwa anavuliwa aproni mbele yetu kwa wizi ambao haupo. Mshahara wake nusu umeshakatwa, na nusu hii ilikuwa inakwenda pia. Mlijua kwamba amekatwa?"

Hawakujua. Walitazamana. Kicheko kilikatika kama maji bombani.

"Bibi, haya ni mambo ya ndani ya biashara," Madamu alisema.

"Yamekuwa ya ndani tangu lini, na umeyawekea kengele? Nikipewa huduma nikafurahi, nitamshukuru aliyenihudumia, kwa nilicho nacho, na kwa mkono wangu. Hiyo ni yangu mimi na yeye. Mshahara ni wako wewe na yeye. Umevichanganya humu ndani ya bati, ukatutia aibu tukulipie deni lako, na tulipokosa, ukamwita yeye mwizi!"

"Umeme nalipa mimi! Maji nalipa mimi, kodi ya pango nalipa mimi!" Macho ya Madamu yalikuwa yamelowa, na Bi Mkunga aliona kwamba hilo nalo ni kweli. "Mnadhani kinabaki nini?"

"Basi sema, binti yangu. Pandisha bei. Iandike ukutani tuione."

"Nikipandisha mtakimbia."

"Tutanung'unika. Wifi yangu huyu atanung'unika mpaka koo limkauke. Lakini bei tutaijua kabla ya kukaa kitini, na anayeshindwa atashindwa bila kupigiwa makofi."

"Na mimi?" Mama Spea aliuliza. Bangili zilikuwa zimetulia. "Mimi natoa pesa yangu kwa moyo. Nami kosa langu nini?"

Bi Mkunga alimgeukia, na hasira ikampungua kidogo, maana mwanamke yule aliuliza kweli, si kwa kejeli.

"Moyo wako nauona, mama. Lakini wiki iliyopita ulitoa kabla hata hujakaa, na mimi nikaachwa pale na povu machoni, siwezi kuinuka. Unatoa nyingi mpaka huyu hawezi kukwambia hapana. Mtu asiyeweza kukwambia hapana, hata asante yake utaijuaje kama ni ya kweli?"

Mama Spea alitazama sinki, akamtazama Bi Mkunga. "Ni wewe uliyekuwa pale?" alisema polepole. "Mimi sikuangalia." Akavuta taulo shingoni. "Leo aanze bibi. Nitangoja."

Hakuna aliyegonga kengele kwa hilo.

Madamu alikusanya sarafu na zile noti, akasita, akamsogezea Viganja zote. "Chukua. Ya mwezi utaipata kamili," alisema, akitazama pembeni. Neno samahani lilimkwama. Bi Mkunga alilisubiri, halikutoka. Lilitoka siku nyingine, wasusi walisema baadaye, jioni, wakati Madamu akisaidia kukunja mataulo.

Bei ilipanda. Iliandikwa kwa herufi kubwa pembeni ya kioo, na wifi aliisoma kwa sauti kila alipoingia, kama anayesoma tangazo la msiba. "Kuosha kichwa, jamani! Kichwa kile kile nilichozaliwa nacho!" Wateja wawili watatu walihamia kwingine. Wengi walibaki. Kisanduku cha waridi kiliwekewa vibanio vya nywele, na kengele Madamu aliipeleka nyumbani kwake.

Bi Mkunga alilala sinkini. Taulo kisogoni, taulo chini ya bega. Maji yalijaribiwa kwanza kwenye kifundo cha mkono.

"Yakoje, bibi?"

"Matamu, mwanangu."

Viganja alimwosha mpaka mwisho, akamsuuza mpaka mwisho, na bangili zilipopita mlangoni mikono haikusita. Alipoinuka, Bi Mkunga aliiona ile aproni. Pini haikuwepo. Mahali pa vifungo viwili vilivyopotea palishonwa cha kijani na kikubwa cha bluu, kilichomomonyoka ukingo.

"Wifi yako alinipa," Viganja alisema, akikigusa. "Alileta mpaka nyumbani, na sindano yake. Kama unakitaka urudishiwe—"

Bi Mkunga alikitazama. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule unaotii, akakiweka sawa kwenye tundu lake kama alivyozoea kufanya asubuhi za baridi.

"Kikae hapo," alisema. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitambaa chenye uvuguvugu, akamtia mkononi waziwazi, mbele ya watu wote, akamfunga vidole.

"Ya watoto."

"Bibi na wewe!"

Kutoka kwenye kiti cha kupakia rangi, wifi alipaza sauti: "Na mimi je? Nimelipa bei ya ukutani, mayai yangu yako wapi?"